Nilikuwa Naomba Mahali

Mwaka wa 1993, nikiwa na miaka thelathini na saba, ndipo shida ilipokuja kunitafuta. Kabla ya hapo sikuwa tajiri, lakini shida nilikuwa naisikia kwa watu tu. Nilikuwa naendesha mashine ya kusokota uzi katika kiwanda cha nguo hapa Thika, na nataka ijulikane kwamba niliingia kiwanda hicho nikiwa mfagiaji, bila viatu, na mashine nilijifunza kwa kuangalia. Asubuhi moja tulikuta lango limefungwa kwa mnyororo. Askari wa lango, ambaye kila siku alikuwa akiniomba sigara, aliniangalia kama mtu asiyenijua. Mitumba ilikuwa imeshika soko na kitambaa chetu hakikuwa na mnunuzi. Ikaishia hapo. Shule nilisoma hadi darasa la tatu, kwa hivyo hakukuwa na ofisi ya kwenda kubisha hodi.

Tukahamia Kiandutu, chumba kimoja cha mabati, mimi na mke wangu na watoto wanne. Aliyekaa Kiandutu miaka hiyo hahitaji kuelezwa. Ukipiga chafya, jirani anakujibu kupitia ukutani. Jumatatu hadi Ijumaa nilipata kibarua cha kuchonga mawe upande wa Witeithie. Kazi hiyo hainipi aibu mpaka leo. Kuna watu wanaojidai sana mjini na nyumba zao zimesimama juu ya jasho langu. Shida ilikuwa Jumamosi na Jumapili. Machimbo yalikuwa yanafungwa siku hizo mbili, na mimi si mtu wa kukaa. Nilikuwa naamka, natoka nje, narudi, nafungua mlango, naufunga, nauliza saa, nauliza tena.

"Baba watoto," mke wangu akaniambia, "hii sakafu ni ya mwenye nyumba. Ukiitoboa kwa kutembea, ni sisi tutaijenga."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Enda ukatembelee mjini. Barabara haiwezi kutoboka."

Ndivyo nilivyofika kwa mtaa wa chakula.

Ulikuwa nyuma ya soko la Thika, ukielekea Majengo, karibu na msikiti. Siku za kazi ni barabara ya vumbi tu, ya mikokoteni na mbuzi. Jumamosi, jua likishapanda kidogo, ulikuwa unageuka kabisa. Watu wa viwandani wametoka nusu siku, watu wa mashamba ya kahawa na mananasi wamekuja kununua vitu vyao, wamama wametoka sokoni na mizigo mgongoni, na wote wanapita hapo, na wote wana njaa. Upande huu viazi karai vinacheza kwa mafuta, rangi ya manjano. Upande ule mahindi ya kuchoma, githeri ya mahindi na maharagwe, samosa, mananasi yaliyokatwa vipande virefu na kupakwa pilipili. Kulikuwa na kijana mmoja wa mayai ya kuchemsha, mtu wa mdomo mwingi, aliyekuwa akipasua yai katikati, anajaza kachumbari, na kabla hujameza ameshakuuliza kama unaongeza. Moshi, kelele, redio tatu kila moja na wimbo wake.

Sikuwa nimekwenda kula. Nilitembea kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikageuka, nikatembea tena. Nilikuwa naangalia mikono ya watu. Niliona mtu anayeuza viazi hajui kukata viazi, na anauza. Niliona githeri ambayo mke wangu angeimwagia kuku, na inauzwa. Nikaanza kuwashwa na miguu. Mimi nilikuwa najua kutengeneza mutura kuliko mtu yeyote kutoka Ruiru mpaka Thika. Baba yangu ndiye aliyekuwa akiitwa kwenye sherehe za watu kushika kisu mbuzi akichinjwa, na mimi nilijifunza kwake jinsi ya kusafisha utumbo, kuujaza nyama iliyokatwa na damu na vitunguu, kuufunga, kuuchemsha, halafu kuuchoma polepole mpaka ngozi ilie. Na katika mtaa huo wote hakuna mtu alikuwa na mutura. Kwa nini, sikujiuliza. Hapo ndipo elimu ya darasa la tatu ilipoishia.

Kitu nilichokosa kilikuwa kimoja tu, mahali. Kila mguu wa ardhi ulikuwa na mwenyewe. Ukiweka debe chini hivi, mtu anakuuliza hilo debe limepotea ama limetumwa. Jumamosi ya kwanza sikuona nafasi. Jumamosi iliyofuata nikarudi, na Jumapili yake, na wiki iliyofuata. Nilikuwa napita mpaka wakaanza kunitambua.

"Niaje mzee," kijana wa mayai akaniita. "Wewe ni wa kanjo?"

"Mimi naonekana askari wa baraza la mji?"

"Unatembea kama wa kanjo na unaangalia kama mwizi. Chagua moja nijue kama nakimbia ama napiga nduru."

Nikamwambia natafuta mahali pa kuweka jiko. Akacheka, akaniuliza kama sijaona pale. Nilikuwa nimepaona kila siku. Mbele ya nyumba moja ya zamani ya mabati kulikuwa na kibaraza. Upande mmoja mwanamke alikuwa akiuza chai na mahamri. Upande wa pili alikaa mtu wa mananasi. Katikati palikuwa wazi, panatosha jiko na benchi mbili, na ardhi yake ilikuwa nyeusi kwa mafuta ya miaka mingi. Watu walikuwa wanapazunguka. Nilidhani ni njia ya kuingilia nyumbani.

"Hiyo ilikuwa ya mzee mwenye hiyo nyumba," kijana akasema. "Alikuwa anachoma mishkaki hapo, weh, watu walikuwa wanatoka mpaka Ruiru. Alikufa. Mathe, mke wake, ndiye amebaki, na huyo wa mahamri ni binti yao. Watu wamejaribu kukaa hapo. Mathe anakuja na maji machafu, mwaaa! Ukitaka hapo, umwone yeye. Lakini uende na adabu, mzee. Hao ni Waislamu. Usiingie kama unaingia kwa kilabu."

Adabu ninayo. Kwetu huwezi kwenda kwa mtu mzima kuomba kitu mikono ikining'inia kama ya mtu aliyekuja kuangalia mvua. Unavaa vizuri, unabeba kitu, unakaa, unaongea. Mke wangu alipiga pasi koti nililooa nalo. Tukafunga sukari na majani ya chai kwa gazeti, vizuri, na kamba. Alipokuwa akinitoa vumbi mabegani alisema, "Leo usirudi hapa bila mahali. Nimechoka kukuona ukizunguka."

Sasa nieleze kitu kimoja, kwa sababu bila hicho mambo haya hayataeleweka. Sisi Wakikuyu hatuna L. Haiko kwa lugha yetu. Ulimi wetu ukikutana nayo unaigeuza R na kuendelea na safari. Watoto wangu waliosoma wanaweza kuitamka, mimi mpaka leo nakula nikisema nakura, na nimeshiba. Hapa nimeandika vizuri kwa sababu kuandika ni kitu kingine. Lakini siku hiyo sikuwa naandika.

Nikapiga hodi. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, mwanamke mnene mwenye sauti ya polepole, leso mbili, moja kichwani. Kando yake kwenye kigoda alikaa kaka yake, mtu mwembamba wa kofia ya kufuma, aliyekuwa mchuuzi wa viatu sokoni. Nyuma ya pazia nilisikia mtu akiosha vyombo. Wakanikaribisha, nikakaa kwa ukingo wa kiti. Nikaweka kile kifurushi mbele ya mama. Akakiangalia. Akaangalia koti.

"Karibu baba. Una haja gani?"

"Mama, mimi ni mtu wa kusema wazi. Nimekuja kwa maneno ya mahari."

Kaka yake alikuwa anakunywa chai. Akakishikilia kikombe hapo mdomoni.

"Mahari?" mama akauliza.

"Eeh, mahari. Hii ya hapa nje, kando ya binti yako. Nimeiangaria kwa muda mrefu, mama. Kira Jumamosi napita hapa naiangaria."

"Tumekuona ukipita," mama akasema. "Tulidhani umepoteza kitu."

"Sikupoteza kitu. Ni moyo urikuwa hauturii."

Mama akatazamana na kaka yake. Kaka akaweka kikombe chini.

"Wewe bwana, una mke?"

"Ninaye, na watoto wanne, wote wazima."

"Na mkeo anajua kwamba uko hapa?"

"Ni yeye amenituma! Huyu koti amepiga pasi yeye. Ameniambia, reo usirudi bira mahari."

"Amekutuma mwenyewe."

"Kabisa. Amesema akimariza kufua atakuwa anakuja kusaidia."

"Kusaidia!" kaka akasema, akaangalia ukutani.

Nikaona maongezi yanakwenda polepole, nikadhani pengine wanahofia dini. Nikaamua kuwatoa wasiwasi. "Mimi ni Mkristo, sitawaficha. Rakini si mtu wa kusumbua. Nitakaa hapo kimya na kazi yangu. Tena si kira siku, mama. Ni Jumamosi na Jumapiri pekee. Siku zingine niko kwa mawe Witeithie."

Kaka akasimama. Kuna kusimama kwa kumsindikiza mgeni na kuna kusimama kwingine. Huku kulikuwa kule kwingine.

"Jumamosi na Jumapili! Dada, umesikia? Mtoto wa watu! Huyu anataka kuoa wikendi!"

"Kuoa nani?" nikauliza.

Nyuma ya pazia sinia ilianguka chini, halafu nikasikia mtu akicheka mpaka akakosa pumzi. Pazia likafunguka. Ni yule wa mahamri, mwanamke mtu mzima, mikono ina povu la sabuni, machozi yanamtoka.

"Mama, hataki mahari! Anataka mahali! Mahali, la, la, la! Pale nje kwa marehemu baba! Nimesoma na hawa watoto wa Kikuyu mimi, nawajua!"

Halafu kaka akapiga paja lake kwa hasira.

"Basi si aseme mahali pale! Angesema pale tungejua! Yeye mahari hii, mahari ile, nimeiangalia! Mtu atajuaje?"

Na alikuwa na haki. Kiswahili chetu cha huku bara kinampa kila mtu na kila kitu hii na ile, kama askari anayegawa makofi. Mahali ni pale, mahari ni ile. Nimekuja kulijua hilo nikiwa na miaka thelathini na saba, ndani ya koti la harusi, mbele ya watu ambao nilikuwa nimewaomba binti bila kujua.

Mama alicheka mwisho. Alianza polepole, mabega kwanza, halafu leso ikaanguka. "Na mimi nimeshaanza kujiuliza tumpikie nini mke wake akija kusaidia!"

"Na mimi sijaulizwa hata kidogo," binti akasema. "Jumamosi na Jumapili nina mahamri. Angekuja Jumatatu."

Mimi sikucheka. Nilikuwa natoka jasho, na miguu ilikuwa inataka kuondoka bila mimi. Lakini nilikuwa nimekuja kwa ajili ya mahali, na nilikuwa bado sijajibiwa. Nikamwambia mama hivyo. Akajipangusa macho.

"Haya. Unataka kuweka nini pale?"

"Mutura."

Kicheko kikaisha kama taa iliyozimwa. Binti akarudi nyuma ya pazia.

"Ile yenye damu?" mama akauliza.

"Bira damu si mutura, mama."

"Basi si hapa."

Nikamwambia mutura yangu haijawahi kukataliwa na mtu, hata na padri. Nilisema kwa sauti ambayo haikuwa na adabu niliyoibeba na sukari.

"Sijakataa mutura yako," akasema, pole pole kama kawaida. "Kauze popote Mungu atakupa. Nimekataa damu mbele ya mlango wangu, na ukuta wa msikiti ni ule pale, uangalie. Mume wangu alichoma nyama hapo na kila mtu alikula bila kuuliza. Ukipata kitu ambacho kila mtu anaweza kula bila kuuliza, njoo. Wengine walikuja wakajitandaza tu, nikawamwagia maji. Ndugu yangu huyu naye anataka niweke viatu, na mimi sitaki viatu pale, nataka chakula. Wewe umepiga hodi. Umekuja na sukari. Hata kama ulikuja kuoa."

"Mimi bado nasema viatu," kaka akasema. "Huyu leo anatubadilishia maneno, kesho atatubadilishia nyama."

Niliinuka nikaenda. Sikuaga vizuri. Nje, sijui nani alikuwa ameshatoa habari, lakini kijana wa mayai alikuwa amesimama juu ya kreti.

"Wee mzee! Wamekupa bibi?"

Mtu wa mananasi akadakia, "Mwache, bado anahesabu mbuzi!" Mtaa mzima ukaangua kicheko. Kuanzia siku hiyo nikipita tu nasikia, "Mahari huyo! Mahari anapita!" Watoto wadogo pia.

Nyumbani nilimweleza mke wangu, nikiwa natembea kutoka ukuta mpaka ukuta. Alicheka akalala kitandani. "Nimekutuma mahali, wewe ukaenda kunitafutia mke mwenza!" Alipomaliza akakaa, akaniangalia vizuri.

"Na wanasema aje sasa?"

"Hawataki damu."

"Na wewe unataka damu, ama unataka mahali?"

Swali hilo liliniudhi kwa sababu lilikuwa fupi. Mutura ilikuwa ya baba yangu. Kiwanda kilikuwa kimeshanichukulia mashine, na sasa mama wa leso mbili anataka kunichukulia kisu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nafikiri, nikitembea.

Jumapili asubuhi nikachukua jiko, nikachukua mutura niliyotengeneza na hasira, nikaenda Ruiru, nionyeshe watu. Nikakaa karibu na lango la baa moja, kwa sababu walevi wanapenda mutura. Sikujua kuna watu wengine wa mutura waliokuwa hapo tangu zamani, wamepanga mstari kama wako kanisani. Hakuna aliyenitukana. Walinihurumia, na hiyo ni mbaya zaidi. Mmoja, mzee wa umri wangu, alinionjesha yake. Ilikuwa nzuri. Sikulala vizuri siku nyingi kwa sababu ya utamu wa ile mutura. Saa saba mwenye baa akatoka, akasema moshi wangu unaingia kwa wateja, akamimina ndoo ya maji juu ya jiko. Tshhh. Nikabeba jiko langu lililolowa nikarudi Thika, na njiani nikajikuta najibu lile swali la mke wangu kwa sauti, watu wakinigeukia.

Nilitaka mahali. Basi.

Wiki hiyo kule machimboni nilikuwa nagonga jiwe nikifikiria ng'ombe. Utumbo na damu ukiviweka kando, ng'ombe anabaki na nini ambacho wenye pesa hawakitaki? Kichwa na miguu. Kichwa na miguu ni supu. Na supu nayo nilikuwa naijua, isipokuwa sikuwa nimeiheshimu. Tena machinjioni kule Ruiru nilikokuwa nachukua utumbo, aliyekuwa akichinja ni Muislamu. Hiyo ni kawaida, kwa sababu mwenye nyama anataka amuuzie kila mtu. Ijumaa niliomba ruhusa mapema, nikaenda nikachukua kichwa kimoja na miguu minne, nikaongea na mchinjaji mwenyewe nikamwangalia usoni.

Ikabaki sufuria. Nilikuwa nayo moja kubwa, na ilikuwa imepika mutura maisha yake yote. Niliisugua kwa mchanga nikiwa nje, nikaiangalia, nikajua haitoshi. Si uchafu. Ni kwamba yule mama angeniuliza, na nisingependa kutafuta maneno. Mke wangu alitoka, akaniona nikiizungusha. Akarudi ndani, akavuta kutoka chini ya kitanda sufuria yake ya wageni, ile aliyoletewa na mama zake siku ya harusi, ambayo mimi sikuruhusiwa hata kuwekea maji.

"Hii haijawahi kuona damu," akasema. "Ukiirudisha imeiona, tutaongea."

Nilichoma yale manyoya ya miguu kwa moto wa kuni, nikakwangua kwa kisu mpaka ikawa myeupe, nikapasua kichwa kwa shoka. Tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbichi nzima nzima, chumvi. Ilichemka mpaka mfupa ukaachilia. Jumamosi tukaibeba na mke wangu, mti ukipita kwenye mikono ya sufuria, kutoka Kiandutu mpaka Majengo, tukipumzika kila kona. Nilipiga hodi tena. Safari hii nilisema neno moja tu.

"Supu."

Mama akatoka kibarazani. Akafungua kifuniko, akanusa. "Sufuria imepika nini kabla ya hii?"

"Wali wa wageni na chai," mke wangu akasema. "Ni yangu mimi."

Wakaangaliana, wanawake hao wawili, kwa muda ambao sikuupenda. "Wewe ndiye uliyekuwa uje kusaidia?" mama akamuuliza, na wote wawili wakaanza kucheka, nami nikaenda kuwasha moto.

Watu walikusanyika lakini hakuna aliyenunua. Hiyo ndiyo sehemu ngumu, na sitaisahau. Walisimama kama hatua tatu hivi kutoka kwenye jiko. Wakristo walidhani ni supu ya Waislamu wenyewe, Waislamu waliona mpishi ni Mkikuyu wa mutura. Kijana wa mayai alikuwa akitangaza kwamba Mahari ameleta mahari. Mimi nilikuwa naongeza moto, napunguza moto, napanga vikombe, navipangua, nazunguka sufuria.

"Kaa chini!" mama akanipigia kelele kutoka mlangoni. "Unatutia kizunguzungu! Mtu atakunywaje supu inayozungukwa?"

Nikakaa. Ndipo kaka yake akaja kutoka sokoni na kofia yake. Watu wakampisha. Akasimama mbele yangu.

"Nani amechinja?"

Nikamtajia mchinjaji na machinjio. Alimjua. Walikuwa wanasali pamoja siku akija Thika.

"Na nikimuuliza?"

"Muurize reo. Muurize kesho pia. Mimi niko hapa Jumamosi na Jumapiri."

Sikukusudia kusema hivyo. Mtu wa mananasi akapiga mluzi. Nikaona kaka akiuma mdomo, anauzuia usicheke. Nilijua kwamba akisema viatu, mama yule atachoka kubishana naye siku moja, na mimi nitarudi kwenye ule mstari wa Ruiru. Akaivuta benchi, akakaa. Nikamjazia kikombe, nikaweka kipande cha mguu. Akasema bismillahi, akanywa kidogo. Akanywa tena. Hakuna redio iliyokuwa ikisikika, ama ni masikio yangu. Akala ule mguu, akafyonza mfupa taratibu kama mtu aliye peke yake nyumbani, akauweka kando ya kikombe.

"Pilipili iko?"

Nikampa.

"Ongeza."

Nikaongeza. Akainua kikombe juu watu wote wakione, akamgeukia dada yake pale mlangoni. "Dada, haya! Mahari imelipwa. Mpe mahali pake!"

Supu iliisha kabla ya adhana ya alasiri. Kijana wa mayai alikunywa vikombe viwili na akaendelea kunitukana mdomo umejaa. Mama aliniwekea masharti yake hapo hapo, bila karatasi. Damu hapana. Adhana ikilia, nifunike moto ili moshi usiende kwa ukuta ule. Na nikitaka kutembea, nikatembee barabarani, si mbele ya wateja. Hayo nilifuata yote isipokuwa la mwisho.

Nilikaa hapo kila Jumamosi na Jumapili mpaka miaka ya tisini ikaisha, ndipo nikafungua hoteli. Machimbo niliacha mwaka wa pili, supu ilipoanza kutulisha wiki nzima. Siku nyingine nilimuuliza mama kwa nini alikataa viatu akakubali mtu asiyejua kusema mahali. Akaniambia nimletee supu niache maswali.

Sitaki mtu aseme nilisaidiwa tu. Nilisaidiwa, na nilifanya kazi. Yote mawili.

Leo nina shamba Theta, eka moja na nusu, na hati iko kwa jina langu na la mke wangu. Nina nyumba ya mawe ya vyumba vitano hapo shambani. Nina vyumba kumi na viwili vya kupangisha Witeithie, vya mawe pia. Nina hoteli mbili za supu, moja Thika na nyingine Ruiru. Nina ng'ombe watatu wa maziwa, mbuzi tisa, kuku sijui. Nina pikapu moja nyeupe na tangi mbili za maji. Nina kisima.